Mkia wa Spitfire

Mwaka 1959, kampuni ya Standard-Triumph ya Coventry, Uingereza, ilipotoa gari la Herald, iliyapa magurudumu ya nyuma uhuru wa kupanda na kushuka kila moja peke yake, kwa springi moja ya majani iliyokingama juu ya difu na ekseli mbili fupi zenye kujikunja penye difu tu. Na mpango huo, uliokuwa wa gharama nafuu, ukarithiwa na Spitfire ya 1962, gari la michezo ambalo madereva wake aghalabu hawana subira.

Hapo taksiri ikadhihirika, kwani dereva aliyeingia konani kwa kasi, kisha akaondoa mguu ghafla kwenye mafuta, aliinua mkia wa gari, na gurudumu la nje likajikunja ndani, likasimama kwa ukingo wa tairi na kupoteza mshiko. GT6 ya 1966, ndugu ya Spitfire yenye injini ya silinda 6, ilizidisha hatari hiyo, hata mwaka 1968 ikapewa mikono ya chini na viungo vya mpira: dawa ghali, lakini kwa rai yangu bora kuliko zote. Spitfire ilingoja hadi 1970, ikapata springi ambayo majani yake mengi yaliachwa yacheze.

Mwenye gari la kale la namna hii, kabla ya kununua shokamzoba ngumu, na aitazame kwanza springi yenyewe kama imechoka, kisha ateremshe mkia kiasi kwa kipande cha chuma baina ya springi na difu, ili vichwa vya magurudumu viegemee ndani kidogo.