Kujiandikisha na kuacha kozi Chuo Kikuu Huria: Wafanyakazi wa migodini wazingatie tarehe

Vyuo vikuu vingi nchini havina muhula wa kiangazi kama vya Marekani. Likizo ndefu, takriban Julai hadi Oktoba, hutumika kwa mafunzo kwa vitendo na mitihani ya marudio. Mfanyakazi wa mgodi wa Geita au Bulyanhulu, anayeingia zamu usiku na mchana, hana likizo hiyo. Wengi wa aina yake hukimbilia Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1992, ambacho kina vituo Shinyanga na Geita.

Chuoni hapo ada hulipwa kwa uniti. Mwanafunzi huweza kuchukua kozi chache kadiri ya mfuko na zamu zake, jambo ambalo ni unafuu mkubwa. Hata hivyo, kujiandikisha kwa kozi si kujiandikisha kwa mtihani. Hizo ni hatua mbili, na wanaoisahau ya pili si wachache.

Aidha, anayezidiwa na kazi asinyamaze. Kutoonekana darasani si kuacha kozi. Jina hubaki kwenye orodha. Anatakiwa kuomba kwa maandishi kupitia kituo chake kabla ya tarehe ya mwisho, akiambatanisha barua ya mwajiri inapowezekana, na kubaki na nakala iliyogongwa muhuri.

Kwa aliyekopeshwa na Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, kuacha masomo hakufuti deni.