Sifa ya Papa na Sandarusi ya Kwetu

Sifa ninayoizungumzia hapa si ya kusifiwa, ndugu msomaji. Ni mafuta ya maini ya papa. Maini yanatiwa ndani ya pipa, yanaachwa juani yaoze na kuyeyuka, kisha mafuta yake yanapakwa kwenye mbao za chombo. Harufu yake, we acha tu! Lakini biashara nzima ya Bahari ya Hindi ilielea juu ya harufu hiyo, ingawa shuleni tulikaririshwa masultani na manahodha tu.

Ibn Jubayr, msafiri wa Andalusia, hakulidharau jambo hili. Mwaka 1183, akiwa Aidhab, bandari ya Bahari ya Shamu, aliona majahazi yaliyoshonwa kwa kamba za makumbi ya nazi, bila misumari. Akaandika kwamba yanapakwa samli, au mafuta ya mbarika, au ya papa, na haya ya papa ndiyo bora. Itazame orodha hiyo: ni vitu vya jikoni! Na sababu aliitoa: ubao ulainike, usivunjike upesi ukigonga miamba. Mtepe wa pwani yetu nao ulikuwa wa ukoo huohuo wa kushonwa.

Chini, panapokaa majini, kuna mdudu anayetoboa mbao mpaka zinakuwa kama sega la nyuki. Huyo dawa yake ni deheni, yaani chokaa iliyochanganywa na shahamu ya mnyama. Maji yakitoka, chombo kinabaki mchangani, kinakwanguliwa, kinababuliwa kwa moto wa makuti, halafu deheni inapakwa kwa mkono. Haraka, maana maji hayamsubiri fundi. Kwenye maungio ya mbao inasindiliwa pamba yenye mafuta, ndiyo kalafati.

Sasa Marui inaingiaje hapa, nasi bahari hatuna? Inaingia kwa ardhi yake. Uzaramo, ambamo Marui imo, ni nchi ya sandarusi, utomvu wa kale uliofukiwa ardhini ukawa mgumu kama jiwe. Katika karne ya 19 watu waliichimba kwa majembe, na Richard Burton, aliyepita Uzaramo mwaka 1857, aliieleza kwa kirefu. Ile changa iliitwa chakazi. Wafanyabiashara wa Kiingereza ulimi ukawashinda, wakaiita jackass, yaani punda dume! Iliyokomaa ilivushwa Zanzibar, nyingine ikafika Salem, Marekani, ikawa vanishi.

Hapo ndipo roho inaponiuma kidogo. Utomvu wetu uking'arisha samani za watu wasioijua Uzaramo, na chombo kilichouvusha kikinuka papa. Hata hivyo simwonei huruma nahodha. Vanishi hukauka ikawa ngumu, na ubao unaotanuka na kusinyaa kila siku huipasua. Mafuta huzama ndani ya ubao, yakaenda nao. Kwa kazi ya bahari, pipa la maini lilishinda.

Siku hizi rangi ya kopo imeingia, na mwenye chombo hulipa pesa dukani pale alipokuwa akitafuta papa na shahamu. Mafundi wanaojua chokaa iende na shahamu kiasi gani wanazeeka, na kipimo chao kimo viganjani. Nani kati yetu atakayewahi kwenda na daftari?