Maxence Melo na Habari za Mitandaoni

Maxence Melo ni mwandishi wa habari wa mtandaoni kutoka Tanzania. Yeye na Mike Mushi ndio waanzilishi wa JamiiForums, jukwaa la habari na mijadala lenye makao yake Dar es Salaam. Kwa masomo, Melo ni mhandisi wa ujenzi.

Mwanzo

Jukwaa hilo lilianza mwaka 2006 kwa jina la Jambo Forums, na mwaka 2008 likaitwa JamiiForums. Gazeti lilisubiri asubuhi. Hapa mwananchi aliyeona rushwa ofisini kwake aliandika usiku ule ule bila kutaja jina, na Mtanzania aliye ng'ambo akasoma papo hapo. Februari 2008 Melo na Mushi walikamatwa na kuhojiwa na polisi.

Kesi

Mwaka 2015 Tanzania ilipitisha Sheria ya Makosa ya Mtandao. Polisi walitaka wapewe taarifa za baadhi ya waandikaji waliotumia majina ya bandia. Melo alikataa, akakamatwa tarehe 13 Desemba 2016. Aprili 2020 mahakama ilimtia hatiani kwa kuzuia uchunguzi, na kumhukumu faini ya shilingi milioni 3 au kifungo cha mwaka mmoja. Kabla ya hapo, Juni 2018, JamiiForums ilifungwa kwa wiki kadhaa baada ya kanuni mpya kutaka majukwaa ya mtandaoni yawe na leseni. Mwaka 2019 Melo alipewa Tuzo ya Kimataifa ya Uhuru wa Habari na Kamati ya Kuwalinda Waandishi wa Habari ya New York.

Mitandao imebadili nini

Zamani mhariri alisimama mlangoni: habari isiyo na uthibitisho haikupita. Leo kila mwenye simu ni mtangazaji, na mlango hauna bawabu. Jina la kificho linalomlinda msema kweli humficha na mzushi. Ndiyo maana JamiiForums yenyewe imeanzisha JamiiCheck, huduma ya kuhakiki uvumi unaosambaa.

Kwa familia za Ghuba

Ujumbe wa sauti unaofika Maskati au Dubai kutoka nyumbani huwa umepita mikono mingi. Kabla ya kuupeleka mbele, tuulize mambo matatu: nani aliyeusema kwanza, lini, na picha yake ilipigwa wapi. Kama ni habari ya msiba au fujo, mpigie simu jamaa aliye karibu na tukio. Hadhari hii ni ya kisheria pia. Katika Falme za Kiarabu, sheria namba 34 ya mwaka 2021 inaadhibu kueneza habari za uongo kwa kifungo kisichopungua mwaka mmoja na faini isiyopungua dirham 100,000. Kusema "nimeletewa tu" si kinga ya kutegemea.