Kitenzi "Kuvumbua" na Historia ya Masisi na Walikale

Katika vitabu vya historia huandikwa mara nyingi kwamba Ziwa Kivu "lilivumbuliwa" mwaka 1894 na Gustav Adolf von Götzen, Mjerumani aliyeondoka Pangani mwishoni mwa mwaka 1893 akavuka bara hadi pwani ya Atlantiki. Sentensi hiyo yastahili kuchunguzwa kwa jicho la isimu.

Kitenzi hiki kina mwenzake. Kama ilivyo funika na funua, bandika na bandua, ndivyo ilivyo vumbika na vumbua. Kuvumbika ni kufukia kitu, hasa matunda, ili kiive; kuvumbua ni kukifukua. Mkulima wa Masisi afukiaye ndizi shimoni chini ya majani, kisha akazitoa zimeiva ili atengeneze kasiksi, huwa ametenda yote mawili. Wahenga nao walisema: mvumbika pevu hula mbivu. Kwa mantiki hiyo, kinachovumbuliwa kina aliyekivumbika. Maana ya kupata kisichojulikana, au kubuni chombo kipya, ni upanuzi wa maana hiyo.

Ziwa Kivu halikuvumbikwa na mtu. Wahavu walivua na kusafiri humo kwa mitumbwi, na Wahunde wa milima ya Masisi walikuwa majirani zao. Götzen alikuwa Mzungu wa kwanza kulifikia, naye hakuwa peke yake: wapagazi wake Waafrika waliliona siku zilezile. Kusema "alilivumbua" ni kuwafuta wote hao kwa neno moja.

Walikale yatoa mfano wa pili. Mwaka 1956 Mnyanga Shé-Kárisi Rureke alimsimulia mwanaanthropolojia Mbelgiji Daniel Biebuyck utendi wa Mwindo kwa muda wa siku kumi na mbili. Biebuyck na mwanaisimu Mnyanga, Kahombo Mateene, waliuchapisha mwaka 1969. Hapa kitenzi chafaa zaidi, mradi mvumbika asisahauliwe: Rureke na waliomrithisha ndio waliouhifadhi, na kitabu chenyewe kimemtaja kwa jina.

Basi mwalimu akutanapo na neno "alivumbua" hana budi kuuliza ni nani aliyevumbika. Akipatikana, atajwe. Asipopatikana, kama ilivyo kwa Ziwa Kivu, yatosha kuandika kwamba mgeni alifika, akaona, na kwamba alikuta wenyeji.