Siagi ya kwenye kibuyu

Ukiuliza siagi dukani Korogwe, usishangae ukipewa kopo la Blue Band. Hiyo si siagi jamani, ni majarini, mafuta ya mimea. Mfaransa Hippolyte Mège-Mouriès aliivumbua mwaka 1869, Napoleon III alipotaka kitu rahisi badala ya siagi.

Siagi yenyewe ilikuwa kwenye vibuyu vya wafugaji wa Kimaasai wa Handeni na Korogwe. Maziwa yanaachwa yagande, yanatikiswa weee, mpaka mafuta yajikusanye. Yaoshe kwa maji baridi, una siagi. Ichemshe maji yaishe, una samli, inayokaa miezi bila friji.

Leo maziwa yakichemka malai yanatanda juu, mama anayaengua, anayamwaga. Kisha anamtuma mtoto akalete kopo.