Jina lilibaki, injini ikakatwa

Ndugu wanafunzi na wahitimu wenzangu, leo naacha kidogo mambo ya mbegu na udongo, nawaletea historia ya vibao vya chuma.

Kati ya mwaka 1934 na 1936, kampuni moja ya reli ya Uingereza yenye kuitwa LMS ilipata injini 191 za mvuke za aina moja. Aina hiyo iliitwa Jubilee, juu mwaka 1935 Mfalme George V alikuwa anatimiza miaka 25 kwenye kiti cha ufalme. Nyingi zikapewa majina ya nchi za himaya ya Kiingereza. Namba 5613 iliitwa Kenya. 5631, Tanganyika. 5636, Uganda. 5638, Zanzibar. Hata jirani wa Katanga, Zambia ya leo, alikuwa na yake: 5621, Northern Rhodesia. Sisi Kongo hatukuwemo, maana tulikuwa chini ya Ubelgiji.

Leo ukitafuta injini hizo tano, hutapata hata moja. Katika zile 191 zimebaki nne tu: Bahamas, Kolhapur, Leander na Galatea. Zingine zote zilikatwa vipande na kuyeyushwa.

Tuelewane kwanza juu ya vibao vyenyewe, kwa sababu viko vya aina mbili. Kibao cha jina ni cha injini. Mara nyingi ni cha shaba nyeupe-manjano, kizito, kimefungwa kwa bolti juu ya gurudumu kubwa, na kwa injini nyingi kimepinda kufuata mviringo wa gurudumu. Kibao cha mbele ni cha safari. Kinatundikwa kwenye uso wa injini kutangaza treni yenyewe: The Flying Scotsman ya London kwenda Edinburgh, ao Golden Arrow ya wasafiri wa Paris. Injini ikibadilishwa, kibao cha mbele kinahamia kwa ingine. Vingi vya nyakati za mwisho vilikuwa vya aluminiamu.

Mwaka 1948 serikali ilichukua kampuni zote kubwa za reli na kuunda British Railways, ikarithi injini za mvuke karibu 20,000. Mwaka 1955 ukatoka mpango wa kuingiza dizeli na umeme. Tarehe 11 Agosti 1968 treni ya mwisho ya mvuke kwenye reli kubwa za kawaida ikafanya safari yake. Yaani miaka 13 tu baada ya ule mpango, kila kitu kimeisha. Evening Star, injini ya mvuke ya mwisho kujengwa na British Railways, ilitoka kiwandani Swindon mwaka 1960 na ikaondolewa kazini 1965, ingali mpya kabisa.

Kwa wakubwa wa shirika, kibao kilikuwa shaba ya kupima kwa kilo. Mtu aliandika barua, akalipa paundi chache, akapewa jina. Na nani aliandika barua hizo? Hawakuwa matajiri. Wengi walikuwa wafanyakazi wa reli, makarani, walimu, vijana wenye kuchanga pesa. Walikuwa wamekulia kwenye majukwaa ya stesheni na daftari mkononi, wakiandika namba ya kila injini yenye kupita. Desturi hiyo ilipata nguvu tangu 1942, wakati Ian Allan, karani kijana wa reli ya Southern mwenye miaka kama 20, alipotoa kijitabu cha orodha ya injini za kampuni yake. Kabla ya watu kuokoa chuma, kijana mmoja aliwapa orodha. Njo maana walijua ni kitu gani kinapotea.

Miaka ya mwisho ilikuwa ya huzuni kweli. Shirika lilianza kuondoa vibao mapema, kwa kuogopa wizi, na injini zikaendelea kufanya kazi bila majina. Basi wapenzi wa treni wakachukua rangi na burashi, wakaandika jina kwa mkono pale kibao kilipokuwa. Injini inaenda kukatwa mwezi ujao, lakini iende na jina lake.

Kule Barry, kusini mwa Wales, Dai Woodham alinunua injini chakavu kwa mamia. Lakini alitanguliza kukata mabehewa, injini zikabaki zimepangwa kwenye hewa ya bahari miaka na miaka. Vikundi vya watu wakachanga pesa, na injini 213 zikatoka pale kwenda kutengenezwa. Nyingi zilikuwa zimefika bila vibao. Kwa hiyo leo injini inaweza kutembea tena huku imevaa kibao cha kunakili, na kile cha kweli kiko kwenye ukuta wa sebule ya mtu.

Siku hizi kibao cha injini maarufu kinauzwa kwa mnada makumi ya maelfu ya paundi. Na penye pesa, vya uongo vinafuata. Mnunuzi mwenye akili anageuza kibao. Nyuma anatafuta namba ya injini yenye kugongwa ndani ya chuma, alama za bolti, masizi ya zamani. Tena anapima urefu. Shaba ikipoa inasinyaa karibu asilimia 1.5. Ukichukua kibao cha kweli cha metre moja kama mfano wa kumwagia kingine, kile kipya kitapungua karibu milimetre 15. Kipimo kidogo tu, na uongo umeonekana.

Hapo mimi kama mwana-agronomia naelewa vizuri. Kwenye herbari kama ile ya Yangambi, jani kavu lisilo na etiketi ya mahali, tarehe na mwokotaji ni majani tu, unaweza kupikia chai. Kibao nacho ni hivyo. Thamani yake ni kamba yenye kukifunga na injini moja, namba moja, kazi moja iliyofanyika.

Na kamba hiyo inafunga pia mambo yasiyopendeza. Uganda na Zanzibar hazikuandikwa kwenye injini kwa heshima ya Waganda na Wazanzibari. Ilikuwa orodha ya mali ya mfalme, ikitembezwa kwenye mvua ya Manchester. Ndiyo sababu nyingine ya kutaka vibao hivyo vibaki: ni ushahidi. Kwenye makumbusho ya reli Nairobi, iliyofunguliwa 1971, iko injini kubwa namba 5918, iliyojengwa Manchester, yenye jina Mount Gelai, mlima wa Tanzania. Mtoto anaisoma jina akiwa amesimama mbele ya chuma chenyewe.

Kwetu vyuma vizee vinaenda kwenye mizani kila siku: masini za kiwanda, pampu, vinu, mabehewa. Karibu kila kimoja kina kibao kidogo cha mjenzi na mwaka, na hicho hakiongezi hata gramu za maana kwenye kilo. Wale wa Uingereza walikuwa na miaka 13. Sisi hatujui tunayo mingapi. Simu yenye kamera karibu kila mmoja wetu anayo. Piga picha ya kibao, andika mahali, tarehe, na jina la mzee mwenye kuifanyia kazi ile masini. Huko kwenu imebaki gani? Andikeni hapa chini, tuanze orodha.