Kimwagio cha Gesi

Ukinunua gari-nyumba kuukuu, tuseme lililoundwa Uingereza miaka ya 1980, usianze na rangi wala mapazia. Inama uchungulie sakafu. Karibu na jiko, na chini ya kabati la mtungi, utakuta tundu lenye wavu linaloangalia moja kwa moja barabarani. Kwa Kiingereza huitwa “gas drop vent”.

Wapo watakaosema “tundu la hewa” linatosha. Mimi sioni hivyo. Mwenye gari akishaambiwa hilo ni la hewa, siku ya baridi ataliziba kwa zulia, maana analoliona ni upepo unaomgandisha miguu. Napendekeza “kimwagio cha gesi”, kwa sababu gesi ya kupikia kweli humwagika. Propani ni nzito kuliko hewa kwa takriban mara moja na nusu, butani kwa mara mbili. Ikivuja haipandi darini. Hutambaa sakafuni na kutuama penye bonde. Ikifikia kiasi cha asilimia 2 tu ya hewa, cheche moja inatosha kuilipua, na cheche hazikosekani kwenye gari lenye swichi, betri na friji inayoendeshwa kwa mwali wa gesi. Kimwagio huiondoa kabla haijajikusanya, bila feni wala umeme.

Ndiyo maana ukarabati wenyewe ni hatari. Fundi akipiga lami chini ya gari kuzuia kutu, wavu unazibika. Akibandika mbao mpya juu ya sakafu iliyooza, tundu linafukiwa na hakuna atakayelikumbuka. (Panya nao hupenda kuweka viota humo.) Sakafu ikibadilishwa, matundu yakatwe upya palepale, mbali na ekzosi. Mipira ya gesi iliyopasukapasuka itupwe, na viungo vipimwe kwa povu la sabuni, kamwe si kwa kiberiti. Kisha mfumo wote ukaguliwe na fundi wa gesi mwenye kibali.

Kimwagio hakisaidii lolote dhidi ya monoksidi ya kaboni, ile sumu isiyo na harufu itokayo kwenye moto usiopata hewa vizuri. Uzito wake unakaribiana na wa hewa, kwa hiyo huenea chumba kizima. Hiyo inahitaji king’ora chake, na matundu mengine yaliyo juu, ukutani au darini. Hayo ndiyo ningeyaita matundu ya hewa.